Uwanja uliotelekezwa Dodoma: naomba ushauri kuhusu bustani ya mawe na mimea ya kuotesha mwenyewe

Mwenye Uwanja

Habari zenu, wanajukwaa. Nyumba ya wazazi wetu iliyoko Dodoma imekaa muda mrefu bila mtu wa kuishughulikia, na sasa familia imenikabidhi jukumu la kuitunza. Nyumba yenyewe ni imara, lakini uwanja wa mbele, ambao unateremka kuelekea barabarani, umejaa ukoka, ndago na mbigili, na katikati yake kuna lundo la mawe ya itale yaliyobaki wakati msingi ulipojengwa. Kila mvua kubwa inaponyesha, maji hushuka kwa kasi yakachukua udongo wa juu, na tayari yamechimba mfereji kando ya ukuta.

Badala ya kukodi lori la kuyaondoa mawe hayo, ningependa kuyapanga yawe bustani ya mawe kwenye mteremko huo, kisha nipande mimea niliyoiotesha mwenyewe, kwa kuwa miche mingi inayouzwa imezoea kumwagiliwa kila siku nami sina maji ya kutosha kwa kazi hiyo. Fundi niliyemwita ameshauri mawe yote yashikizwe kwa saruji ili yasisogee. Je, ushauri wake ni sahihi? Na kwa kuwa tuko mwezi wa Juni, nianze na kipi?

Mama Kitalu

Mwanangu, hongera kwa kuamua kuyatumia mawe yaliyopo. Juni ni mwezi mzuri kwako, kwa sababu mvua za Dodoma huanza Desemba na kuisha Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Una miezi ya kutosha ya kuandaa ardhi na kuotesha miche kabla hazijafika.

Usiweke hata jiwe moja kabla hujamalizana na ndago na ukoka. Ndago ina viazi vidogo chini ya ardhi, na ukiikata kwa jembe juu juu utaiona imerudi ikiwa imeongezeka, kwa maana kila kiazi kilichotengana na mwenzake huchipua chenyewe. Mwagia maji sehemu ndogo siku moja kabla ili udongo ulainike, chimba kwa sululu na jembe la meno, kisha upitishe udongo huo kwenye chekeche la waya ambalo mafundi hutumia kuchekecha mchanga. Viazi vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, kwa hiyo kazi hiyo inachosha lakini ina mwisho. Ukoka nao ung'olewe na mizizi yake inayotambaa, uanikwe juani hadi ukauke kabisa, wala usiutupe kwenye shimo la mboji ukiwa mbichi. Ukiyaacha magugu haya mawili chini ya mawe, utalazimika kubomoa bustani nzima ili kuyafikia.

Mpanga Mawe

Nakubaliana na Mama Kitalu, nami nijibu swali la saruji. Mawe ya ukuta wa kuzuia udongo yanaweza kujengwa kwa saruji, ilimradi ukuta uachiwe matundu ya kutolea maji. Lakini bustani ya mawe haihitaji saruji, na kwa mteremko wako ningeikataa kabisa. Saruji huziba nafasi ambazo maji yangepenyea, nayo maji yakikosa pa kuingia yataendelea kukimbilia ukutani kama yanavyofanya sasa. Kinachozuia jiwe lisisogee ni namna lilivyokaa ardhini. Anza chini ya mteremko kwa mawe makubwa kuliko yote, chimba hadi takribani theluthi moja ya kila jiwe ifukiwe, na uliinamishe kidogo nyuma, kuelekea mlimani, ili mvua inayolipiga itiririkie kwenye udongo ulio nyuma yake, ambako ndiko mizizi itakapokuwa. Endelea kupanda mteremko hatua kwa hatua, ukishindilia udongo nyuma ya kila safu kwa mtarimbo. Ukiona jiwe linacheza unapolikanyaga, litoe ulipange upya.

Mianya iliyo wazi isiachwe hata kidogo, kwa sababu nge na nyoka huipenda. Jaza udongo na kokoto mpaka mkono usiingie. Kwenye mifuko ya udongo ya kupandia iliyo kati ya mawe, changanya mchanga wa mtoni sehemu mbili, udongo wa hapo sehemu moja na mboji iliyooza vizuri sehemu moja, kisha utandaze kokoto juu ili shina la mmea lisikae kwenye unyevu likaoza.

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Agosti jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha jiwe huangukia kusini. Jiwe la itale likishapata moto hukaa nao hadi usiku. Miche michanga na mimea laini ipandwe kusini na mashariki mwa mawe makubwa. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua kali la alasiri, waachie mishubiri na mikonge-pori.

Mwenye Uwanja

Shikamoo Mama Kitalu, na asante sana, Mpanga Mawe. Sehemu ya chini nitaianza wiki hii. Jirani amenipa matawi ya mnyaa, na rafiki yangu yuko tayari kunisindikiza porini tukang'oe mishubiri. Je, nichukue?

Mama Kitalu

Marahaba, mwanangu. Mnyaa huota kwa urahisi mno, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Kama wapo watoto wanaocheza uwanjani, usiupande. Waridi la jangwani nalo lina sumu kwenye utomvu, ila halimwagi ovyo kama mnyaa, na kwa uzuri wa maua yake mimi ningelipanda sehemu ya juu, mbali na njia.

Mishubiri ya porini iache huko. Baadhi ya aina za Tanzania zinaota katika maeneo machache sana, na mshubiri ule wa Handeni unaogeuka mwekundu juani uko hatarini kutoweka. Omba machipukizi ya mshubiri wa dawa kwa majirani: mmea mama mmoja huzaa mengi pembeni yake. Yang'oe na mizizi, yaache kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo uyatie kwenye viriba vyenye mchanga mwingi, na maji yawe kidogo. Mkonge-pori hugawanywa hivyo hivyo. Ukiwa na ule wenye mistari ya njano kandokando, ugawanye kwa shina la chini, maana ukiuotesha kwa kipande cha jani, watoto watatoka kijani kitupu.

Mpanga Mawe

Niongeze kuhusu waridi la jangwani: liotesheni kwa mbegu. Kipandikizi cha tawi hushika, lakini kwa kawaida hakitengenezi shina nene la chini linalopendeza miongoni mwa mawe. Maganda yake hufanana na pembe mbili, na yakipasuka mbegu hupeperuka na upepo, kwa hiyo yafunge mapema kwa kipande cha chandarua. Mbegu mpya huota haraka kwenye mchanga wenye joto.

Chini kabisa, maji yanapoishia, panda mchaichai kwa kugawanya shina la jirani. Mizizi yake mingi itashika udongo unaoletwa na mvua, na huo mfereji wa ukutani uujaze mawe madogo kabla ya Novemba kwisha.