MREJESHO: Wazo la koru kwenye kitambaa

Wakuu, nimerudi. Ni yule mwanafunzi wa ubunifu wa vitambaa hapa Auckland niliyewaomba ushauri nilipokwama na alama za Wamaori, wenyeji asilia wa New Zealand, kwenye kitambaa changu. Asanteni sana.

Nilimfuata aliyesema niachane na picha za mtandaoni, nikachore kangaga msituni. Kweli bwana! Chipukizi lililojikunja ndilo koru lenyewe, alama ya uhai mpya. Na jani la ponga, aina ya kangaga, ukiligeuza, chini linang'aa kama fedha. Nimetumia vyote viwili.

Moko, yaani tatuu ya Kimaori, nimeitoa. Mwalimu wa Kimaori aliniambia ile ni nasaba ya mtu, si urembo.

Kilichofeli ni rangi: nyekundu ilichuja ikachafua nyeupe. Wiki ijayo nachapa upya.