Mrejesho: Hilux ya baba sasa iko na bwate manueli (sanduku la gia la kubadilisha kwa mkono)

Jambo ndugu zangu, ni mie niliuliza kama Hilux ya baba ya 1986 inaweza kutolewa bwate otomatiki iwekewe manueli. Imewezekana! Fundi wetu hapa Bukavu alitoa ile sahani nyembamba iliyounganisha moteri na bwate otomatiki, akafunga volani nzito ya moteri (gurudumu zito linalozunguka nyuma ya moteri), ambreyaji (klachi) na pedali yake, ila bulo (bolti) za zamani za kuifunga volani zilikuwa fupi, zinashika nyuzi mbili tatu tu, nikakataa kabisa tukangoja zingine siku nne. Kardani (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ilibidi ikatwe. Kisha starta ikanyamaza, kumbe waya za swichi ya P na N ya bwate ya zamani (inayoruhusu starta kuzunguka gia ikiwa P au N tu) zilibaki zinaning'inia, kuziunga tu ikawaka. Jana nimepanda Kadutu na mizigo, gia ya pili, bwate haitelezi tena kama ile ya zamani, mzee alifurahi sana. Aksanti sana!