Mrejesho: kupima usafi wa paracetamol bila asetonitraili

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Niliwauliza namna ya kupunguza asetonitraili, kiyeyusho kinachosukuma sampuli kwenye mashine ya kromatografia (inayotenganisha kemikali zilizochanganyika), tunapopima usafi wa vidonge vya paracetamol. Asetonitraili ni ghali na ina sumu.

Aliyesema "weka ethanoli, halafu pasha kolamu moto" (kolamu ndiyo bomba ambamo kemikali hutengana) Mungu ambariki. Ethanoli ikichanganywa na maji huwa nzito, kwa hiyo kwenye joto la kawaida presha ya pampu ilipanda kama bei ya sato. Tulipofikisha kolamu nyuzi 45, ikatulia. Kilele (mwinuko kwenye grafu) cha 4-aminofenoli, uchafu tunaouwinda, kinatoka mapema na kimeachana vizuri na cha paracetamol yenyewe. Tunasoma kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 243, hivyo ethanoli haisumbui. Ukishuka karibu na 210 ndipo inaanza vurugu.

Kuhusu kolamu nyembamba: ukitoka milimita 4.6 kwenda 2.1 unaokoa kimiminika karibu mara tano. Hesabu tamu, ila mashine yetu ni mzee, mirija yake mipana inatanua vilele. Tumeiweka kando.

Taka bado tunakusanya kwenye dumu. Ethanoli ina nafuu, sawa, lakini humo mna masalia ya dawa, na maji ya mjini yanavutwa ziwani pale Capri Point. Sinki hapana!

Bado uhakiki: sampuli zilezile, njia mpya dhidi ya ile ya famakopia, kitabu rasmi cha viwango vya dawa. Bosi hasaini bila hiyo, na simlaumu. Mwenye kiolezo cha itifaki anirushie.