Wakuu, programu inakufa kila nikitoka kwenye seva, nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Nina kiseva changu cha kukodi kiko Ujerumani, kina Ubuntu, naingia kwa ssh (njia ya kutawala kompyuta ya mbali kwa amri) nikiwa huku Dar. Kuna skripti ya Python inachambua data za mvua, inakula usiku mzima, sasa bando likikata au umeme ukienda na router ikazima na yenyewe inakufa hapo hapo. Nimeambiwa niweke & mwisho wa amri, wapi!

mzee_wa_shell: Hiyo & inaipeleka nyuma tu mkuu, bado iko chini ya ile shell (programu inayopokea amri zako). Ukikatika inatumiwa ishara ya SIGHUP, jina la enzi za modemu za simu hilo, na programu isiyojua kuipuuza inakufa. Anzisha na nohup, inaifanya programu ipuuze hiyo ishara, na maandishi yake yaende kwenye log.txt, hivi:

nohup python3 -u mvua.py > log.txt 2>&1 &

Hiyo -u usiiache, bila hiyo Python inalimbikiza maandishi, utafungua log uikute tupu udhani imekwama. Kuchungulia ni tail -f log.txt

binti_koda: nohup haina ubaya ila huwezi kurudi ukaongea na programu. Weka tmux kaka, inakufungulia kikao kinachobaki hai kwenye seva hata ukitoka. Andika tmux new -s mvua, washa skripti yako humo, bonyeza Ctrl-b ukiachia bonyeza d, kalale. Asubuhi tmux attach -t mvua. Hata bando likikata ghafla kikao kinabaki kule kule kwenye seva.

Mleta uzi: Asante dada. Ila kuna moja inakimbia toka asubuhi, hiyo siwezi kuiokoa?

mzee_wa_shell: Inawezekana. Ctrl-z kuisimamisha, kisha bg iendelee nyuma, kisha disown -h ili shell isiitumie SIGHUP. Lakini angalia, kama inaprinti kwenye skrini, ukitoka skrini haipo tena na Python inaweza kuanguka kwa hilo tu. Salama zaidi install reptyr, ya kuhamisha programu inayokimbia kwenda skrini nyingine, baada ya disown fungua tmux uandike sudo reptyr na namba ya mchakato, inahamia humo.

jobless_wa_data: Mnasahau kitu, seva yenyewe ikiwashwa upya tmux yote inaondoka. Kama kazi ni ya kila siku iandikie servisi ya systemd (msimamizi wa Linux anayewasha programu seva ikiwaka), weka Restart=on-failure halafu systemctl enable, habari ya kukesha uiache.

Mleta uzi: reptyr imekubali wakuu, inaendelea ndani ya tmux. Hiyo systemd nitaisumbukia wikiendi.