Joto ndani ya gwanda la zimamoto: uamini mwili au kipimo?

kijana_wa_Chumbuni: Jamani nauliza, zoezini na gwanda kamili na mtungi wa hewa mgongoni, kaskazi hii, mie najiona poa tu kumbe mapigo ya moyo kwenye saa yashapita 180 kwa dakika, sasa nishike lipi?

mtu_wa_Wete: Shika saa shekhe. Unachokihisi zaidi ni ngozi na jasho, joto la ndani ya mwili linapanda kimyakimya kwa vile gwanda haliachi jasho likauke, na hata ukishavua ngozi ikapoa ukajiona mzima, ndani laweza kuendelea kupanda dakika kadhaa.

Mkongwe: Wazoefu ndo balaa, "kawaida tu" na huku joto la ndani lishapita nyuzi 38.5. Vua koti, tumbukiza mikono mpaka viwiko kwenye ndoo ya maji, pangaboi peke yake halitoshi.

kijana_wa_Chumbuni: Ndoo zipo, ahsanteni.