Mrejesho: kale kammea ka kijani kwenye gome la mparachichi

Wakuu, narudi kuhusu ule mmea mdogo wa kijani niliouliza hapa jina lake, unaotambaa kwenye gome la mparachichi kihambani (shamba la nyumbani) kwetu Old Moshi. Ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Macromitrium, mimea midogo isiyo na maua ya aina ya "moss" kwa Kiingereza. Mliosema niulowanishe, asanteni sana: ukikauka majani yanajisokota, ukiudondoshea maji yanakunjuka palepale. Shina kuu linatambaa, vitawi vifupi vinasimama wima. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kikofia cha kifuko cha spora (chembe za uzazi), kina mikunjo kama sketi ya shule! Kikofia hicho kinafunika sehemu kubwa ya kifuko. Kikofia cha Groutiella, jenasi nduguye, ni kifupi. Kufika kwenye spishi kunataka hadubini, kutazama seli za jani. Naomba msiubandue: haunyonyi mti, unaishi kwa mvua na vumbi.