Jimu, kocha wa nyumbani au video za simu: kipi kinamfaa mama anayerudi usiku?

MamaPacha_Kimara
Habari za jioni wadau, naomba uzoefu wenu. Nakaa Kimara, kazi yangu iko Posta. Natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 2 usiku nikiwa hoi. Pacha wangu wana mwaka na miezi 3, na tangu nijifungue mgongo unaniuma, ngazi za ofisini zinanitoa jasho. Jimu ya karibu ni 60,000 kwa mwezi. Kocha wa kuja nyumbani anataka 20,000 kila anapokuja. Video za simu ni bando tu. Jimu nilishawahi kulipia miezi 3, nikaenda mara 5. Hela yenyewe ya kubana, sitaki kukosea tena.

MzeeWaJogging
Hongera kwa pacha, dada. Mimi ningesema tafuta klabu ya jogging. Sisi Jumamosi alfajiri tunapita Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach na kurudi, mchango ni mdogo, na mkishaanza kuimba hamhesabu tena kilomita. Watu wanakujua, usipotokea wanakupigia simu.

BintiPwani
Kaka, klabu ni nzuri, ila Jumamosi alfajiri hao pacha anamwachia nani?

Mimi niko Mombasa, nimefanya na mwalimu wa kike nyumbani kwa miezi 4. Navaa buibui, na jimu ya kwetu wanaume na wanawake wamechanganyika, kwa hiyo nyumbani nilipata uhuru wa kuvaa nipendavyo. Lakini faida kubwa sikuitegemea. Siku ya kwanza sikugusa chuma chochote. Alivuta kiti cha jikoni akaniambia kaa, simama, kaa, simama, yeye amechuchumaa pembeni ananitazama magoti. Akaweka vidole viwili juu ya goti la kulia: "Hili linaingia ndani, lisukume nje." Mwaka mzima nilikuwa nafuata video na goti linaniuma, sijui kwa nini. Video unaiona wewe, yenyewe haikuoni.

KijanaUbungo
Mimi jimu. Nyumbani kuna kochi, kuna televisheni, nikikaa tu basi. Nikishashuka kituoni na begi begani, naingia jimu kabla sijafika kwangu. Kama ya kwako haiko njiani, usilipie, hela itapotea kama mara ya kwanza.

NesiWaZamu
Dada, kabla ya kuchagua, kapime presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari kwanza.

Halafu tumbo. Baada ya mimba, hasa ya pacha, misuli ya katikati ya tumbo huachana. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, pitisha vidole juu na chini ya kitovu. Ukikuta mwanya unaozidi vidole viwili, usikimbilie mazoezi ya kuinuka kutoka chali. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akuanzishie taratibu, maana hata huo mgongo huenda unahusika. Na unapoinua kitu usibane pumzi, presha hupanda ghafla. Toa pumzi wakati wa kunyanyua.

Kiasi usikiogope. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Tangu mwongozo wa 2020, hata dakika chache chache zinahesabika. Kutembea haraka kutoka kituoni hadi kwako kumo.

KochaSinza
Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nakuwekea hesabu wazi. Mara 3 kwa wiki ni mara 12 kwa mwezi, yaani 240,000. Ni nzito kwa mwenye pacha. Ongea na kocha umchangie pamoja na majirani wawili, akikubali kila mmoja anatoa 80,000. Au aje mara moja kwa wiki akurekebishe na kukupangia, siku nyingine mbili ufanye mwenyewe. Hiyo nayo ni 80,000, na ukishayajua mazoezi baada ya miezi 2 au 3 unaweza kuendelea bila yeye.

Vifaa usinunue. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, mkeka unao, ngazi zipo. Jimu inatuzidi kwenye vyuma vizito, ila wewe bado hujafika huko. Na kocha asiyekuuliza ulijifungua lini, kwa kawaida au kwa upasuaji, akaanza kukurusha kamba siku ya kwanza, mshukuru umuage.

BintiPwani
Pia usilipe mwezi mzima kabla. Wa kwanza niliyempata alichukua hela, akaja mara 2, simu ikazimwa. Lipa wiki kwa wiki.

MamaPacha_Kimara
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Nimejipima tumbo jana usiku, vidole vitatu vinaingia. Ijumaa nimeomba ruhusa kazini niende kwa fiziotherapia, presha nitapima hapo hapo. Jirani wa mlango wa pili naye ana mtoto mdogo, amekubali tuchangie kocha wa kike, Jumamosi saa 4 wakati watoto wamelala. Nesi, hicho kitambaa cha kufunga tumbo alichoniletea mama mkwe niendelee nacho, au nikivue kabla ya Ijumaa?